Jinsi ya kuandika CV ya mtafiti ili kazi yako ionekane

Watu wa maabara na watu wa fildi, hii ni yenu, hasa nyinyi wa huku kwetu Kisumu, Siaya, Homa Bay, Kakamega, hadi Njoro na Nakuru. Tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025 watu wengi wamejipata nje, watu waliofanya utafiti miaka na miaka, na sasa wanafungua CV ambayo hawajaigusa tangu waajiriwe. Vijana wanaomaliza Maseno, JOOUST, Masinde Muliro na Egerton nao wanaingia soko hilohilo. Huwa natumiwa CV niangalie kabla mtu hajatuma maombi, na shida ninayoiona karibu kila mara ni hii, kazi yenyewe haionekani. Mtu amefanya mambo makubwa lakini CV inasema "Msaidizi wa Utafiti, 2017 hadi 2024, kukusanya data na majukumu mengine niliyopewa na msimamizi", imeishia hapo. Miaka saba, mstari mmoja. Inaniuma kweli, manake najua vile hio kazi ilivyo.

Chukua chanjo ya malaria, RTS,S. Siaya na Kombewa ni kati ya sehemu ilikojaribiwa Afrika, ikaanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, na 2021 WHO ikaipendekeza kwa watoto wanaoishi sehemu zenye malaria nyingi. Nyuma ya hio habari kuna watu waliotoa watoto damu, wakasoma slaidi kwa darubini siku nzima, wakafuata familia boma kwa boma, wakasafisha data hadi usiku. Wengi wao majina yao hayako kwenye pepa yoyote. Kwa mtu kama huyo CV ndio karatasi ambayo hio kazi itaandikwa kwa jina lake, kwa hivyo iandike yote vizuri.

Kabla ya kutafuta tempuleti, fungua faili moja kubwa ambayo hutamtumia mtu. Humo mwaga kila kitu, tarehe za kontrakti zote, jina kamili la mradi, mtafiti mkuu alikuwa nani, washiriki walikuwa wangapi, sampuli ngapi, mashine gani ulitumia, programu gani, mafunzo, makongamano, wanafunzi wa atachimenti uliowafundisha. Kama kontrakti yako inakaribia kuisha fanya hii leo, juu imeili ya ofisi ikifungwa umepoteza barua zote na tarehe zote. Chukua barua zako na vyeti vyako tu, data ya washiriki usiiguse, hio iko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na chini ya kibali cha maadili cha mradi, na mwajiri akijua ulitoka na data ya watu hatakuamini. Kutoka kwa hio faili kubwa ndio utakuwa unachota CV ya kila kazi, kurasa mbili au tatu kwa kazi ya mradi, shirika au kampuni, ndefu zaidi kwa chuo kikuu juu huko wanataka machapisho yote, ufundishaji wote, kila kitu.

Sasa chukua tangazo la kazi, lisome na kalamu mkononi. Kazi nyingi za utafiti huchujwa na paneli iliyo na jedwali: digrii ipo, miaka inatosha, anajua kipimo fulani, amesajiliwa na bodi. Wanaweka tiki. Anayesoma hatakaa akisie kwamba kwa sababu ulikuwa kwa mradi wa HIV basi lazima unajua kupima wingi wa virusi, usipoandika hujui. Tumia maneno yaleyale ya tangazo kama ni ukweli kwako. Wakisema ELISA, kile kipimo cha maabara, andika ELISA, wakisema REDCap, programu ya kukusanya data, usiandike "mifumo ya kidijitali". Na vitu walivyoweka kama lazima vionekane ukurasa wa kwanza, sio ukurasa wa nne chini ya makongamano. (CV yenyewe utaandika Kiingereza kama kawaida ya kazi hizi, mifano nitaiweka Kiswahili ili tuelewane.)

Juu kabisa weka jina, simu, imeili ya heshima yenye jina lako, mji unaoishi, na nambari ya ORCID, ile ya kukutambulisha kama mtafiti. Kama huna ORCID jisajili, ni bure na inachukua dakika chache, inasaidia sana kwa majina yetu haya, manake Otieno na Wafula ni wengi na pepa zenu zinachanganyika huko mtandaoni. Dini, umri, umeoa au hujaolewa, nambari ya kitambulisho, hizo toa kwa CV. Taasisi za serikali zikitaka kitambulisho na kaunti huwa na fomu yao, jaza huko. CV inazunguka kwa imeili za watu usiowajua, sioni sababu nambari ya kitambulisho chako izunguke nayo.

Chini ya hapo aya fupi, mistari mitatu au minne. Epuka "mimi ni mchapakazi mwenye bidii anayeweza kufanya kazi chini ya presha", kila mtu ameandika hivyo na paneli inairuka. Andika kitu kama: "Mtaalamu wa wadudu mwenye miaka sita kwenye utafiti wa mbu wa malaria eneo la Ziwa Victoria, fildi na maabara. Nasimamia kukamata na kutambua mbu, natumia PCR kutambua spishi, nachambua data kwa R. Natafuta nafasi ya kuratibu ufuatiliaji wa usugu wa mbu kwa dawa." Mtu akisoma hio (PCR ni kipimo cha DNA, R ni programu ya takwimu) anajua wewe ni nani kabla hajafika kwa elimu.

Uzoefu wa kazi ndio moyo wa hii CV, kwa hivyo tumia muda hapa kuliko mahali pengine popote. Kwa kila kazi jiulize: nilifanya nini mimi, kwa njia gani, kwa kiasi gani, na kazi hio ilifika wapi. Mfano, CV inasema:

"Kukusanya na kutambua mbu."

Hebu tuifungue: "Nilikamata mbu kwa mitego ya taa na kwa kupuliza dawa ndani ya nyumba alfajiri, nyumba 120 katika vijiji vinane, misimu miwili ya mvua. Nilitenganisha Anopheles funestus na kundi la gambiae kwa darubini, kisha nikatumia PCR kutofautisha gambiae na arabiensis. Data ilitumika kuchagua vijiji vya kupuliziwa dawa mwaka uliofuata." Nambari hizo ni za mfano, weka zako, lakini ona tofauti. Mtu wa wadudu akisoma hapo kwa PCR anajua huyu ameifanya kweli, juu gambiae na arabiensis huwezi kuwatenganisha kwa macho.

Mtu wa kilimo vilevile. Njoro pale KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, ngano kutoka nchi nyingi huletwa ipimwe kama inahimili kutu ya shina, ile aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda 1998. Kama ulifanya huko usiandike "kusaidia shughuli za shamba". Andika ulipanda aina ngapi, ulitumia skeli gani kupima ugonjwa, uliambukiza mimea vipi, nani alichukua hayo matokeo. Mtu wa data naye asiandike "kuingiza data", aandike alitengeneza fomu za simu kwa ODK, fomu ngapi kwa mwezi, aliandika kodi ya Stata, programu ya takwimu, ya kukagua makosa, na makosa yakapungua kiasi gani kama alipima. Kama hukupima usibuni asilimia, sema tu ulichofanya.

Na kuna kitu watu wa huku wanakiacha nje kabisa, nacho ni kazi ya jamii. Kuitisha baraza na chifu, kukaa na bodi ya ushauri ya jamii, kumweleza mama ridhaa kwa Kidholuo mpaka aelewe kwamba anaweza kukataa na bado atatibiwa, kuangalia kama tafsiri ya fomu ya ridhaa inasema kilekile cha Kiingereza. Hio ni skili ya utafiti, miradi imekwama kwa kuikosa. Andika lugha unazoongea na ulizitumia kufanya nini, Kidholuo, Kibukusu, Kimaragoli, Kigusii, zote.

Lakini usizidishe. "Niliongoza" inamaanisha uliongoza. Kama mlikuwa sita sema ulikuwa mmoja wa timu ya watu sita na sehemu yako ilikuwa hii. Ulimwengu wa utafiti huku ni mdogo, kati ya Kisian, Kombewa, Mbita na Kakamega watu wanajuana, kwa intavyu kunaweza kuwa na mtu aliyekuwa kwa mradi huohuo.

Kama mradi ulifungwa ghafla, andika hivyo bila aibu, "Mradi ulifungwa Februari 2025 baada ya ufadhili kusimamishwa", paneli zote zinajua kilichotokea. Kisha andika umefanya nini tangu hapo, kozi, kibarua cha kuchambua data, kufundisha, hata kama ni kidogo.

Machapisho sasa. Weka jina lako kwa herufi nzito, mpangilio wa waandishi uwe vilevile ulivyo kwenye jarida, usijisogeze mbele, na DOI, ile linki ya kudumu ya pepa, iwepo ili mtu abonyeze aone. Zilizotoka ziwe kundi lake, zilizokubaliwa kundi lake, zilizo kwa wakaguzi kundi lake, na za tovuti kama bioRxiv au medRxiv ambazo hazijakaguliwa zitaje hivyo wazi. "Inatayarishwa" kwangu mimi iache, labda kwa mwanafunzi wa PhD aliye na rasimu kamili anayoweza kuituma akiulizwa. Majarida yale ya lipa leo utoke kesho bila ukaguzi yanakuharibia, paneli inayajua, heri pepa mbili safi. Huna pepa hata moja? Weka tasnifu, bango la kongamano, ripoti ya kiufundi, itifaki uliyoiandika. Kutajwa kwenye shukrani sio chapisho, itaje chini ya ile kazi husika, hapo ni sawa kabisa.

Kuhusu alama za ubora wa jarida, usizipange kando ya kila pepa. Tangu tamko la DORA la 2012 kuhusu kupima utafiti, taasisi nyingi zimekubali kwamba alama ya jarida haipimi mtu. Chagua pepa mbili tatu, chini ya kila moja andika mstari mmoja: mlipata nini, na wewe ulifanya sehemu gani.

Elimu haina mambo mengi, ya karibuni juu, mada ya tasnifu, wasimamizi. KCSE mstari mmoja na gredi, juu matangazo mengi ya serikali bado yanaiuliza, KCPE ondoa. Skili zipange kwa makundi, maabara, takwimu, ramani, na zile tu unaweza kuzifanya ukiwekwa kwa meza kesho asubuhi. Kuandika unajua Word hakuna haja. Usajili usisahau, mtu wa maabara ya hospitali bila leseni ya mwaka huu ya KMLTTB, bodi ya watu wa maabara, anachujwa mapema. Cheti cha GCP, yale mafunzo ya kufanya majaribio ya tiba kwa watu, andika na mwaka, vyeti hivi vinazeeka na miradi inataka cha karibuni. Leseni ya NACOSTI, ile ya kuruhusiwa kufanya utafiti nchini, na kibali cha maadili, kama ni wewe uliyeandika maombi sema hivyo, manake huo ni uwezo mkubwa.

Ukiomba nje, soma wanataka muundo gani. Marekani kampuni inataka ukurasa mmoja au miwili, chuo kinataka ndefu. Uingereza, kwa maombi ya fedha za utafiti za UKRI, mfadhili wa serikali huko, kuna muundo wa R4RI ambao hauanzi na orodha, unasimulia mchango wako kwa maarifa, kwa watu uliowakuza, kwa watafiti wenzako na kwa jamii. Watu wetu wana mengi ya kusema kwenye hizo sehemu mbili za mwisho, na ile faili kubwa ndio itakusaidia hapo.

Marefarii weka watatu waliokuona ukifanya kazi, sio mbunge wala mjomba mwenye cheo. Waombe kwanza, kisha watumie tangazo na CV uliyotuma ili wakipigiwa wajue wanaongea kuhusu nini. Mtafiti mkuu akiondoka nchini chukua imeili yake binafsi kabla hajaenda, ile ya mradi itakufa.

Mwonekano uwe wa kawaida, herufi moja inayosomeka, hakuna picha, hakuna vile vidoti vya nyota vya kuonyesha unajua R kwa nyota nne, hakuna safu mbili, juu mifumo mingine ya kupokea maombi inasoma safu mbili vibaya na kuchanganya maneno. Mpe mtu mwingine asome makosa, na mmoja awe nje ya fani yako. Tuma PDF, na faili iwe na jina lako na nafasi unayoomba, sio "CV mpya ya mwisho 3". Ukienda saiba kuskani vyeti angalia ukubwa wa faili kabla hujalipa, portali nyingi zinakataa faili nzito, na usingoje siku ya mwisho saa kumi na moja jioni wakati kila mtu anajaza. Nambari ya tangazo iandike kwenye kichwa cha imeili, kisha fungua attachment kutoka kwa simu uhakikishe inasomeka na barua ya maombi inataja kazi hii, sio ile uliyoomba wiki iliyopita.