Mchoro wa kiunzi cha skrini: karatasi, programu au msimbo?

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika kwa sentensi moja swali ambalo mchoro wako wa kiunzi, yaani mchoro mwepesi unaoonyesha nini kikae wapi kwenye skrini, unatakiwa kulijibu. "Mtu akifika hapa atajua pa kubonyeza?" ni swali moja, "fomu hii itaenea kwenye simu ndogo?" ni jingine, na kila moja lina njia yake. Wengi huanza na programu waliyoizoea, wakamaliza siku nzima wakinyoosha mistari huku swali lenyewe halijaguswa.

Kama bado hujui skrini ibebe nini, shika karatasi. Kunja A4 mara tatu upate vyumba 8, jipe dakika 8, chora wazo moja katika kila chumba. Tumia maka peni, si penseli iliyochongwa vizuri. Ncha nene hainakshi wala haiandiki maneno madogo, hivyo utalazimika kuamua kipi kikubwa na kipi kiondoke. Usifute, wazo likiharibika, hamia chumba kinachofuata. Karatasi pia hujaribika: mtumiaji anagusa kitufe kilichochorwa, mwenzako anambadilishia karatasi kama kompyuta ingefanya, nawe unanyamaza na kuandika anapokwama. (Kunyamaza ndiyo kazi ngumu hapo.)

Karatasi huwa mzigo skrini zinapokuwa nyingi, kwa sababu badiliko moja la menyu linakudai uzichore zote upya. Hapo hamia kwenye programu. Balsamiq inatoa mistari inayofanana na ya mkono, kwa hiyo mteja anajadili mpangilio badala ya rangi. Figma na Penpot zinafaa timu inayohariri faili moja kwa pamoja. Penpot ni ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) na unaweza kuiweka kwenye seva yako. Anza na fremu yenye upana wa pikseli 360 kwa simu, na 1440 kwa kompyuta ya mezani. Tumia fonti moja, vivuli vitatu vya kijivu, na nafasi zinazogawanyika kwa 8. Menyu itengeneze mara moja kama kijenzi (kipande kinachotumika tena), uirudie kila skrini. Vitufe visiwe vidogo: mwongozo wa Android unataka angalau dp 48 kila upande, wa Apple pt 44 (dp na pt ni vipimo vya ukubwa kwenye skrini).

Kosa linaloharibu michoro mingi ni maandishi ya kujazia, yaani maneno ya kubuni yanayoshika nafasi tu. Kichwa cha maneno mawili hukaa vizuri. Cha kweli chenye maneno tisa huvunja mstari na kusukuma kitufe nje ya skrini. Weka maneno halisi, na jina refu kuliko yote uliyo nayo. Kisha chora hali zinazosahaulika: orodha tupu, mtandao uliokatika, fomu iliyokosewa.

Msimbo wa HTML, lugha ya kujengea kurasa za wavuti, usiupaparikie. Unastahili pale swali linapohusu mwenendo: kuchuja jedwali refu, kibodi ya simu inayofunika sehemu ya kuandikia, au ukurasa unaojipanga upya kadiri upana unavyopungua. Picha tuli haiwezi kuonyesha hayo. Ila ukurasa unaofanya kazi humfanya mteja aone mradi umekaribia kwisha. Acha kijivu kilekile, andika juu yake "jaribio", na kubalianeni mapema na wasanidi kwamba msimbo huo utatupwa.