Kabla Hujafunga Magurudumu ya Spoki kwenye Ndege Uliyojitengenezea

Najua kwa nini unayataka. Ni mepesi, yanapatikana popote pauzwapo baiskeli, na ndege ikisimama juu yake inapendeza kama zile za zamani. Tena ukijenga kwa kufuata kanuni ya Marekani, ambayo inataka ndege ya kiti kimoja ya daraja la nyepesi sana (ultralight) iwe chini ya pauni 254 ikiwa tupu, yaani kilo 115 hivi, kila kilo unayoiokoa chini unapata pa kuitumia juu. Sikukatazi. Mimi mwenyewe bado naruka na spoki. Ila yapo ya kutazama kwanza, na moja kati ya hayo lilinigharimu bawa.

Anza na ringi. Funga penseli mahali pamoja, zungusha gurudumu mbele ya ncha yake, uone linavyoyumba. Likiyumba zaidi ya milimita moja au mbili, linyooshe kabla hujafikiria lingine. Ringi yenye ufa kwenye tundu la spoki hainyooshwi, inatupwa.

Hesabu spoki. Mimi sishuki chini ya 36, na 48 ni bora. Zipo ringi za inchi 20 za baiskeli za michezo ya kuruka (BMX) zenye idadi hiyo. Spoki ya baiskeli ya kawaida ina unene wa milimita 2. Kama ringi na habu zako, yaani vitovu vya magurudumu, zinakubali nene zaidi, chukua nene, na usichanganye mpya na za zamani kwenye gurudumu moja. Spoki hukatika zaidi pale kwenye kiwiko, inapopinda kuingia kwenye habu, na mara nyingi haikatiki kwa pigo moja. Inachoshwa na kulegea na kukaza, kulegea na kukaza, kila gurudumu linapozunguka na mzigo juu. Kwa hiyo ogopa iliyolegea. Zigonge kwa ukucha moja moja. Za upande mmoja zitoe mlio unaokaribiana. Yenye mlio mfu ikaze. Zikaze zote tena baada ya kutua mara chache za kwanza, maana gurudumu jipya hujipanga.

Breki ikiwa ndani ya habu, spoki lazima zipishane. Zilizotoka katikati zikanyooka moja kwa moja hadi kwenye ringi hazifai hapo, kwa sababu habu ikizuiwa ghafla hazina mkao wa kuizuia ringi isiendelee kuzunguka. Chora pia mstari wa rangi unaoanzia kwenye tairi na kuishia kwenye ringi. Mstari ukiachana, tairi limeteleza, na linalofuata ni tyubu kung'oka valvu.

Sasa nguvu za ubavuni. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipomaliza ndege yangu niliyapima magurudumu kwa njia niliyoiona ya busara. Nilipanga mifuko ya mchanga juu ya kiti hadi mzigo ukafika mara mbili ya uzito wa kuruka, nikaitikisa ndege, nikakagua ringi. Hazikuwa zimesogea hata chembe. Nikaita watu waje kuona. Kumbe nilikuwa nimepima jambo ambalo gurudumu la baiskeli tangu hapo haliliogopi: kubeba uzito kutoka juu kwenda chini.

Mwendesha baiskeli akikata kona hulala. Akilala, uzito wake na ile nguvu ya kona vinashuka pamoja sambamba na gurudumu, kwa hiyo spoki zinaendelea na kazi zinayoijua. Ndege hailali. Ikigusa ardhi pua ikiwa imeelekea kwingine na safari inaelekea kwingine, tairi linang'ang'ania pale lilipogusa huku mwili wote wa ndege ukiendelea kwenda kando. Kinachozuia ringi isipinduke hapo ni mtanuko wa spoki tu, yaani jinsi zinavyotoka kwenye habu zikiwa zimeachana kushoto na kulia. Habu ya mbele ya baiskeli ina milimita 70 hivi kati ya upande na upande. Kwenye gurudumu la inchi 20 hiyo inakupa mwinamo wa digrii 10 au 11, na gurudumu likiwa kubwa zaidi mwinamo unapungua. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia ni baya zaidi, maana upande wa mnyororo spoki zinakaribia kusimama wima.

Siku yenyewe upepo ulitoka kushoto, wala haukuwa wa kutisha. Nilikuja nimeielekeza pua kwenye upepo kama ipasavyo, nikachelewa kuinyoosha. Gurudumu la kulia lilipogusa nikasikia tatatata mfululizo, kama bisi kwenye sufuria, kisha upande ule ukazama. Ncha ya bawa ikachimba udongo, ndege ikageuka nusu mzunguko, kimya. Nilishuka mzima, hata goti halikuchubuka. Ringi ilikuwa imejikunja namba nane. Mhimili wa bawa ulikuwa umepasuka karibu na ncha, na huo ndio ulionichukua miezi kuutengeneza.

Nililipeleka lile gurudumu kwa fundi wa baiskeli, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Akaokota spoki zilizokatika, akazipanga mezani, akanionyesha tatu. Kwenye mkato kila moja ilikuwa na rangi mbili, nusu imefubaa kwa kutu, nusu inang'aa. "Hizi hazikukatika siku hiyo," akasema. "Hukuziona?"

Sikuziona kwa sababu nilikuwa nimeyavika magurudumu kitambaa. Kweli kitambaa kinapunguza ukinzani wa hewa, na ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zilivikwa hivyo, nami nilikipaka rangi kikapendeza. Wiki mbili kabla, nikisukuma ndege kuitoa bandani, nilisikia tik, tik kila mzunguko. Nikasema ni kijiwe kimeingia ndani ya kitambaa. Nikaruka.

Kwa hiyo habu pana. Siku hizi natumia ya kukerezwa, yenye milimita 150 kati ya upande na upande. Mwinamo unazidi digrii 20, na spoki ile ile inavuta kuelekea ubavuni maradufu ya mwanzo. Ndege za zamani zilikuwa na habu ndefu zinazochomoza nje ya ringi, na wengi hudhani ule ulikuwa mtindo tu. Wengine walipita njia tofauti. Rubani Mfaransa Louis Blériot alipovuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, magurudumu yake ya mbele, ya spoki, yalifungwa yaweze kugeuka yenyewe kama ya kitoroli, ndege itue hata ikienda mshazari. Na bado alipotua Dover katika upepo wa kuvurugika alivunja miguu ya ndege na propela. Ukitaka kitambaa, kivike, ila kiwe cha kufunguka, na ukifungue.

Ekseli nayo usiiamini. Kwenye baiskeli imeshikwa ncha zote mbili na foku. Kwenye ndege nyingi inachomoza upande mmoja tu, haina wa kuisaidia. Ya milimita 9 au 10, tena yenye tundu katikati, itapinda. Tafuta habu inayopokea ekseli nene ya chuma, na nati ya mwisho ifungwe kwa pini, isitegemee kukazwa peke yake.

Tairi jembamba huzama kwenye mchanga na matope, na likizama ndege husimama kwa pua. Usilijaze upepo kidogo eti litue laini; linaweza kuchomoka kwenye ringi ukiteleza kando. Nyasi ndefu na vijiti huingia kati ya spoki. Usikate kona kwa kasi ukiwa ardhini, hata kama uwanja ni mpana na hakuna anayekutazama. Ukitua vibaya, usiruke tena siku hiyo kabla hujazigonga spoki zote, ikiwemo kule kutua ulikojiambia hakukuwa kubaya sana. Beba kifungulio cha spoki mfukoni. Ndege ikilala nje kwenye mvua, kagua kutu kwenye viwiko. Na ukiazimwa ndege yenye magurudumu haya, zigonge spoki zake kabla hujapanda kitini, hata mwenyewe akinuna.