Utafiti wa uzamili kuhusu afya ya uzazi Mombasa: kutoka swali hadi hojaji

"Afya ya kina mama Mombasa" ni mada, bado si swali. Swali linasikika hivi: kati ya wanawake waliojifungua katika hospitali za Likoni na Mvita kuanzia Januari hadi Juni, wangapi walirudi kliniki ndani ya wiki mbili, na wasiorudi walizuiwa na nini? Hapo pana nani, wapi, lini na kinachopimwa. Kimoja kikikosekana, propozali itarudi.

Sasa litazame swali hilo tena. Wasiorudi kliniki hawapatikani kliniki. Mwanafunzi anayekaa nje ya chumba cha chanjo na hojaji zake atawahoji waliorudi tu, kisha aandike kwamba huduma inaridhisha. Isitoshe, kuna nyumba nyingi za Pwani ambako mzazi hatoki mpaka arobaini iishe. Kwa hiyo anzia kwenye rejista ya kujifungulia, MOH 333, uchague majina humo kwa nasibu, ndipo uwatafute nyumbani ukiongozwa na wahudumu wa afya ya jamii. Rejista ya baada ya kujifungua, MOH 406, itumie kulinganisha tu, maana aliyejifungulia Likoni huenda kliniki akaihudhuria kwao Kwale, na kwenye kitabu chako ataonekana mtoro.

Idadi ya wahojiwa. Kama hujui kiwango cha jambo unalopima, kichukulie kuwa asilimia 50, na kosa linalokubalika asilimia 5. Fomula ya kawaida itakupa 384. Ukichagua kwa mitaa badala ya mtu mmoja mmoja, zidisha, tuseme kwa 1.5, kwa sababu majirani hufanana: 576. Mwisho weka nafasi ya watakaokataa au waliohama. Wengi hukosea papa hapa kwa kuongeza asilimia 10 juu. Gawanya kwa 0.9, upate 640. Ukiongeza asilimia 10 juu utapata 634, na wakikosekana asilimia 10 utabaki na 571, pungufu ya unachohitaji.

Vibali vina mpangilio, na kuruka kimoja hakuharakishi chochote: idhini ya idara na chuo, kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti (leseni hiyo hutaka barua ya maadili), idara ya afya ya kaunti, uongozi wa hospitali, kisha muuguzi msimamizi wa wodi. Huyo wa mwisho usimdharau. Ndiye mwenye rejista.

Sasa lugha ya hojaji, na hapa ndipo tasnifu nyingi huharibikia. Swali likitafsiriwa mezani, mhojiwa hulijibu lake, si lako. "Kizazi" kwa mmoja ni mji wa mimba, kwa mwingine ni uwezo wa kuzaa. "Kifafa cha mimba" humfanya mtu akane haraka, akidhani unauliza habari za kifafa katika ukoo wao. Uliza badala yake kama alianguka akatetemeka mwili mzima wakati wa mimba, wa uchungu au baada ya kujifungua. Na chunga kitenzi. "Mimba iliharibika" ni masikitiko. "Uliharibu mimba" ni mashtaka. Silabi chache tu, na mazungumzo yamekwisha. Mtu mmoja atafsiri kwa Kiswahili, mwingine ambaye hajaiona asili airudishe kwa Kiingereza, na zinapopishana mketi na mkunga wa hapahapa.

Usiulize "umezaa mara ngapi?" ukaridhika. Tenganisha: watoto walio hai, waliofariki, waliozaliwa wakiwa wamekufa, na mimba zilizotoka mapema. Jumla isipolingana na idadi ya mimba, rudi nyuma kabla hujainuka kwenye mkeka.

Tarehe nazo zina mtego. Mama akikwambia hedhi yake ya mwisho ilikuja "Mfungo Sita, kabla ya Maulidi", amekupa tarehe nzuri, mradi wewe uwe na kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi: Maulidi ya 2024 yaliangukia katikati ya Septemba, ya 2025 mwanzoni mwake. Tengeneza ukurasa mmoja wenye miezi ya kalenda zote mbili sambamba, pamoja na kufunga na kufungua shule, uubandike nyuma ya hojaji.

Mama mkwe atataka kukaa. Msalimie vizuri, anza na maswali ya kunyonyesha na chanjo, na ya siri uyaweke mwisho, mkiwa wawili. Akiingia katikati, rudi kwenye kunyonyesha bila kubabaika. Mhojiwa akifichua kwamba anapigwa, uwe na pa kumwelekeza. Namba 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, haitozwi. Asiyesoma asomewe fomu ya ridhaa mbele ya shahidi, atie dole gumba. Aliye kwenye uchungu usimwombe ridhaa kabisa.

Majina yakae kwenye orodha ya peke yake, imefungwa, na hojaji ibebe namba tu. Kila jioni pitia za siku hiyo. "Hapana" iwe 0, asiyejibu 99. Nafasi tupu usiiache, kwani miezi mitatu baadaye hutajua kama mama alikataa, au msaidizi wako alikuwa anakimbilia feri.