Jinsi ya kwenda skii Vail Pass bila kugombana na watu wa pikipiki za theluji

Wadau wa Denver mnaoanza kupanda milimani na skii pale Vail Pass, mlima wa Colorado, namaanisha huku nje ya resoti, hakuna lifti, unapanda kwa miguu yako mwenyewe na zile ngozi za kubandika chini ya skii ili usirudi nyuma, hii ni yenu. Inbox yangu imejaa swali moja tu, mbona wale wa pikipiki za theluji wanatuchukia?

Hawatuchukii. Shida ni hesabu. Wewe unapanda masaa matatu unatoka jasho ili ushuke mara moja kwenye theluji ambayo haijaguswa, yeye mwenye pikipiki (tunaiita mashine) anafika juu kwa dakika chache, na wakija watano hiyo theluji saa nne asubuhi imeshachorwachorwa yote. Wewe unaona umeibiwa, yeye anaona msitu ni wa serikali na kalipia pasi ya siku kama wewe, tena hela za hizo pasi ndo zinatengeneza njia unayopita. Hapo nani mwizi?

Kwaiyo kitu cha kwanza ni ramani, na nasema hivi kwa sababu nimeshaumbuka. Mwaka wangu wa pili tulipanda kilima kimoja, tumefika juu tunavua ngozi, jamaa wawili wakaja na mashine wakakata mteremko wote mbele yetu. Nikawafokea vizuri tu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mmoja akazima injini, akatoa ramani mfukoni, akanionyesha taratibu, kaka hapa mashine zinaruhusiwa, sehemu yenu ni kule ng'ambo. Nilikosa pa kuficha uso.

Vail Pass eneo lake la michezo ya baridi ni kama eka 55,000, na Huduma ya Misitu ya serikali ya Marekani imeligawa: kuna sehemu za miguu tu, kuna za mashine, na kuna za mchanganyiko ambapo mashine inakupandisha alafu unashuka na skii. Njia kubwa kama ya Shrine Pass wote mnapita. Ukitaka kimya kabisa nenda upande wa Eagles Nest, ile ni hifadhi ya nyika, sheria ya 1964 inakataza injini yoyote humo, ukiikuta mashine ndani piga picha uwapelekee askari wa misitu, usijifanye polisi. Huu ugomvi wenyewe ni wa zamani, Rais Nixon mwaka 1972 alishatoa amri kwamba magari ya nje ya barabara yapangiwe sehemu ili kupunguza migongano na watumiaji wengine, lakini kwa upande wa theluji mambo yalivutana mpaka kesi ya Idaho 2013, ambapo watetezi wa skii waliishinda Huduma ya Misitu, na kanuni ikatoka 2015 kwamba msitu wenye theluji ya kutosha uchore ramani ya wapi mashine zinaruhusiwa. Kwaiyo msitu mwingine wowote uliza ramani ya mwaka huu, sio ya rafiki yako ya zamani.

Mkiwa njiani toeni earphone. Mkisikia injini wote simameni upande mmoja, sio huyu kulia yule kushoto, dereva anachanganyikiwa. Wa mbele akiinua vidole vitatu anamaanisha nyuma yake wako watatu, akikunja ngumi yeye ndo wa mwisho, usirudi njiani kabla hujaiona hiyo ngumi. Mpungie mkono, kusalimia ni bure jamani. Na wewe mwenye mashine (najua mpo humu) punguza mwendo mpaka uwapite kabisa ndo ukanyage, na usipite juu ya njia waliyoichimba kwa skii, ukiharibu ile inageuka mashimo na wanaokuja nyuma wanateseka.

Sasa hili la maporomoko ya theluji ndo silitanii. Miteremko ya kati ya digrii 30 na 45 ndo inayoua, na aliye juu anaweza kumwangushia aliye chini. Usianze kushuka kama kuna mashine zimepaki chini yako, na mwenye mashine usipande mteremko wenye watu, apande mmoja mmoja, wengine wakae pembeni. Soma utabiri wa CAIC (kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko ya theluji) asubuhi kabla hujatoka. Kila mtu awe na bikoni (kifaa cha kutuma na kunasa mawimbi ili aliyefukiwa apatikane), koleo na fimbo ya kupimia, na bikoni ikiwa inatuma ikae sentimita 20 mbali na simu, ukiwa unatafuta mtu iwe 50, na glavu zinazopashwa joto kwa umeme zizimeni. Aliyefukiwa mkimtoa ndani ya dakika 10 hivi ana nafasi kubwa, baada ya hapo inashuka haraka sana, kwaiyo mtakaomfukua ni nyie mliopo hapo, wa skii na wa mashine, helikopta haiwahi.

Alafu pale ni kama mita 3,250, yaani katikati ya Mandara na Horombo kule Kilimanjaro, kichwa kitauma, kunyweni maji.

Paking inajaa mapema sana wikiendi. Njooni wanne kwenye gari moja, na nafasi ndefu za trela usiegeshe Corolla yako, ugomvi mwingi niliouona umeanzia pale kabla hata mtu hajavaa buti.