Somo: Kuchagua na kufunga mita ya bei kwa saa

Kenya ilianza bei hii ya umeme, inayobadilika kulingana na saa ya siku, Desemba 2017, kwa wateja wakubwa wa biashara na viwanda. Bei ya uniti hushuka kwa nusu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, na Jumapili kutwa, mradi matumizi yavuke kiwango alichowekewa mteja. Mita ya bili ni mali ya kampuni ya umeme. Unayonunua wewe ni sabmita, yaani mita yako ya ndani, ikuonyeshe mashine gani inakula umeme saa ngapi.

Hatua ya kwanza, kagua mzigo wako kabla ya kutoa hela. Pampu ya kujaza tangi inaweza kungoja usiku. Mashine ya kuchomelea, mteja amesimama mlangoni, haiwezi. Kama hakuna kinachoweza kungoja, usinunue kitu.

Hatua ya pili, chagua. Iwe na rejista mbili za kuhesabu uniti, T1 ya saa za bei ya kawaida na T2 ya saa za bei nafuu, saa yenye betri yake, na kumbukumbu ya kila dakika 15 au 30. Mkondo ukizidi amp 100, tumia mita ya CT, yaani transfoma ndogo inayozunguka waya na kupunguza mkondo ili mita iupime. CT za 200/5 hugeuza amp 200 kuwa 5, maana yake usomaji unazidishwa kwa 40, isipokuwa mita imeshapangwa kuzidisha yenyewe.

Hatua ya tatu ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Azime swichi kuu, apime kwa testa kila fezi. Upande wa CT ulioandikwa P1 utazame umeme unakotoka. CT moja kati ya tatu ikigeuzwa, na mzigo uko sawa kwenye fezi zote, mita itasoma theluthi tu, na mwenye kiwanda atashangilia akiba isiyokuwepo. Nyaya za CT zisiachwe wazi mkondo ukipita: volteji hupanda hadi ya kuua.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na wengi: saa ya mita. Sabmita yangu ilikuja na saa ya China, masaa matano mbele ya Nairobi. Ilipoandika 22:00 hapa ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka. Mwezi mzima niliamini oveni zangu zinakula usiku. Linganisha na simu yako kabla fundi hajaondoka.

Maswali ya wanachama

Mita yangu ya tokeni nyumbani itanipa bei ya usiku?
Hapana, ndugu. Mpango huu si wa majumbani.

Nifunge sabmita kabla ya mita ya kampuni?
La hasha. Sabmita hukaa baada ya swichi yako kuu, upande wako.

Fundi, nimeweka T2 ianze 04:00 hadi 12:00, saa nne mpaka saa kumi na mbili. Mbona hesabu haikubali?
Dada, mita huanza kuhesabu usiku wa manane. Hapo umepima saa kumi alfajiri hadi saa sita mchana. Weka 22:00 hadi 06:00.