Namna ya Kufundisha Vita vya Msumbiji kwa Wanafunzi wa Dodoma

Mwalimu wa historia aliyeko Dodoma anaweza kuanzia somo hili Kongwa, mahali ambapo wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi katika miaka ya 1960. Usikae hapo sana, kwani wanafunzi wengi huchanganya vita viwili: vile vya ukombozi dhidi ya Wareno, vilivyoanza mwaka 1964, na vile vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, vya mwaka 1977 hadi 1992.

Unapouliza chanzo cha vita hivi vya pili, usiandike ubaoni "Vita Baridi" mapema, maana mwanafunzi akishaliona jibu hilo huacha kufikiri. Chora ramani yenye reli za kutoka Beira na Maputo kwenda bara, kisha uliza ni nani aliyenufaika reli hizo zilipolipuliwa. Mwaka 1976 Rais Samora Machel wa Msumbiji alifunga mpaka na Rhodesia (Zimbabwe ya leo), huku wapiganaji wa ZANU, waliopigania uhuru wa Zimbabwe, wakiwa na kambi nchini mwake. Idara ya ujasusi ya Rhodesia ikaiunda RENAMO na kuipa silaha. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, ufadhili huo ulichukuliwa na serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini, iliyotaka majirani wasiwahifadhi wapiganaji wa ANC, waliopinga ubaguzi wa rangi nchini humo, na waendelee kutegemea bandari za Afrika Kusini. Someni pamoja Mkataba wa Nkomati wa Machi 16, 1984, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ambao Makaburu waliusaini na kisha wakaendelea kuisaidia RENAMO kwa siri.

Hata hivyo, silaha za kigeni pekee hazielezi kwa nini vita vilidumu miaka 15, na hapa ndipo ninapokusihi utumie muda mwingi zaidi. FRELIMO iliwaondoa machifu na kuwahamishia wakulima katika vijiji vya pamoja, jambo lililowafanya baadhi ya watu, hasa katika mkoa wa Nampula, waipokee RENAMO. Watume wanafunzi kwa wazee waliohamishwa katika Operesheni Dodoma, yaani kuhamishiwa watu vijijini hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baada ya salamu ya "mbukwenyi", waulize: "Babu, shamba lenu la zamani lilikuwa umbali gani na kijiji kipya? Mifugo mliilisha wapi?" Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kisha darasa lijadili kwa nini manung'uniko ya namna hiyo hapa kwetu hayakuzaa vita.

Usiifiche Tanzania. Jeshi letu lilipelekwa mkoa wa Zambezia, Msumbiji, kuisaidia serikali baada ya kifo cha Machel mwaka 1986, nalo la Zimbabwe lililinda njia ya Beira. Wanafunzi watofautishe nchi iliyoalikwa na serikali na ile iliyowapa waasi silaha, bila kusahau kwamba zote zilikuwa za kigeni.

Kuhusu Mkataba wa Roma wa Oktoba 4, 1992, uliomaliza vita kati ya serikali na RENAMO, toa swali la insha: kwa nini amani ilipatikana wakati huo? Atakayetaja mabadiliko ya Afrika Kusini peke yake apewe nusu ya alama. Atakayeongeza ukame wa mwaka huo na kupungua kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti astahili zaidi.