Jinsi ya kupima nguvu ya viongozi wa dini katika sheria

Achana kwanza na hotuba, fungua katiba. Mimi hutafuta nani anaweza kuzuia muswada. Nchini Iran, Baraza la Walinzi lina wajumbe 12; sita ni wanazuoni wa dini walioteuliwa na Kiongozi Mkuu, na wakiona muswada unapingana na Uislamu, unarudishwa bungeni. Uingereza nako maaskofu 26 wana viti katika bunge la juu, ila kura zao ni chache mno kuzuia kitu peke yao. Tofauti ni kubwa.

Kisha soma sheria za ndoa, talaka na mirathi. Ireland ilipiga kura ya kuondoa katazo la talaka kwenye katiba mwaka 1995, tena kwa tofauti ndogo sana ya kura.

Halafu uliza, na hapa usiharakishe: mwanamke asiyeridhika na uamuzi wa kidini, ana mahakama nyingine ya kukimbilia?